Mzee wa Kanisa Mwenye Mikia

Wiki iliyopita nilimwona Mzee wa Kanisa pale Birongo, nyuma ya soko, amekaa juu ya lundo la ndizi zilizooza, anafyonza bila haya. Usishtuke, rafiki yangu. Huyu ninayemsema ana mabawa. Ni kipepeo mkubwa, mnene wa tumbo, na nyuma ana vimkia kama ncha za koti la zamani. Jina hilo alipewa na nyanya yangu, na nyanya yangu si mtu wa kugawa majina ovyo.

Nilikuwa natoka shule, likizo imeanza, sanduku langu limenichosha bega. Lori la kupeleka ndizi Nairobi lilikuwa limeshajaa, na zile zilizopasuka na kuiva kupita kiasi walikuwa wamezitupa kando ya mtaro. Ile harufu ikanishika pua, nikasimama. Sikusogea. Nilingoja afungue mabawa.

"Wewe mtoto wa shule," mama mmoja wa ndizi akaniita, "unatafuta nini kwa takataka? Njaa imekushika hivyo?"

"Naangalia kipepeo, mama."

Akaniangalia vile mtu huangalia mbuzi anayekula karatasi ya nailoni. "Uko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Na bado unaangalia kipepeo." Akamgeukia mwenzake, akaongeza maneno kwa Ekegusii ambayo sitayaandika hapa kwa sababu nyumbani kwetu tunamcha Mungu.

Kipepeo hakufungua. Simu sikuwa nayo, maana shuleni kwetu kupatikana na simu ni dhambi kubwa kuliko wizi. Akamaliza kunywa, akaruka juu ya paa la mabati, akapotea. Mimi nikabaki na harufu. Na harufu ya ndizi iliyochacha, bana, haiwezi kukuacha ulipo. Mimi ilinirudisha darasa la nne.

Enzi hizo tulikaa Kisii mjini, na kila shule zilipofungwa wazazi wangu walinipakia kama gunia, nikaenda kukaa na nyanya upande wa Nyacheki, mahali ambapo chai imepandwa hadi karibu na mlango. Sisi tunamwita Magokoro. Hilo la "nyanya" tunaliacha sokoni, kwenye mafungu, kando ya vitunguu. Siku za kazi zilikuwa na kelele zake: panga likikata majani ya ng'ombe, wanawake wakiitana katikati ya chai, ndoo ikigonga jiwe kule chini bondeni kwenye kisima. Mikono ilinata utomvu wa ndizi, magoti yalikuwa na matope. Jioni obokima, ugali wa wimbi, ilisongwa hadi mwiko ukalia. Siku hizo hazikunisumbua. Iliyonisumbua ilikuwa Jumamosi.

Kama hukulelewa katika nyumba inayoshika Sabato, hujui Jumamosi inaweza kuwa ndefu kiasi gani. Jua la Ijumaa likishazama, kila kitu kinalala. Jembe linalala. Redio inalala. Mpira wangu wa makaratasi ulilala chini ya kitanda, nikiusikia ukiniita. Chakula kilikuwa kimepikwa tangu mchana wa Ijumaa: mboga ya chinsaga iliyolala na maziwa, ambayo, nakuapia, ni tamu kuliko ya siku hiyohiyo. Asubuhi yote ilikuwa ya kanisa. Halafu mchana, baada ya kula, watu wazima walilala usingizi kwa jina la Bwana, na sisi watoto tukaachwa kwenye kibaraza tukae kama vyungu.

Ila palikuwa na mwanya mmoja. Kutazama kazi ya Mungu kuliruhusiwa. Milima ni kazi ya Mungu, maua ni kazi ya Mungu, na vipepeo, ambao walijaa kwetu kama mapambo ya harusi, hawakutajwa katika amri yoyote kati ya zile kumi. Magokoro mwenyewe aliwapenda. Alikuwa na simu ya zamani aliyoachiwa na shangazi, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na kazi yake ilikuwa moja tu: nyimbo za kanisa. Mimi nikagundua kwamba pia inapiga picha. Jirani yetu, mama ambaye ungemkuta njiani saa yoyote ile, akauliza kama kupiga picha siku ya Sabato si kazi. Magokoro akafikiria huku akijikuna chini ya kitambaa cha kichwa, kisha akatoa hukumu yake: "Kutazama si kazi. Kukimbia ndiyo kazi."

Sheria hiyo moja ilinifunza mengi kuliko klabu ya mazingira ya shuleni kwetu, ambayo kazi yake ni kupaka mawe chokaa siku wageni wakija. Kwa sababu sikuruhusiwa kukimbia, nilijifunza kutembea kama mama aliyebeba ndoo kichwani. Nilijifunza kutomwangushia kipepeo kivuli changu. Kungoja hadi ateremshe ule mrija wake na kuanza kunywa, kwa kuwa akishaanza kunywa anakuwa mjinga kidogo, kama watu. Hapo unasogea, unabana pumzi, unapiga kabla simu haijaganda. Tulipiga nyingi hadi simu ikajaa, na wimbo mmoja wa kwaya ukawa unakatika ubeti wa pili. Magokoro alimalizia ubeti kwa mdomo wake.

Majina tuliwapa wenyewe, na yote yalitoka kanisani, kwa kuwa ndiko Magokoro alikowajua watu. Wale weupe wadogo wanaojazana kwenye matope ya kisima, wote wakiinuka pamoja ukipita, walikuwa Watoto wa Kwaya. Yule wa rangi ya chungwa anayepita polepole, na ndege hawamgusi, alikuwa Mama Mchungaji. Kulikuwa na kahawia mmoja aliyekaa katikati ya njia siku nzima akifungua na kufunga mabawa, aone nani amepita. Huyo aliitwa Jirani. Na juu ya wote alikuwa Mzee wa Kanisa. Akiruka uliona weusi na mstari mweupe, kama suti nyeusi na shati jeupe. Akitua, aliwafukuza wengine wote mezani.

Desemba moja binamu yangu akaja kutoka Nairobi. Kwa heshima zote, ambazo sina, niseme tu alikuja na wavu wa kununua na simu yenye programu ya kutambua vipepeo. Alikimbia. Wueh, kukimbia! Alikanyaga maharagwe, akaruka mtaro, akamshika mmoja, na alipofungua wavu ikawa ni nondo aliyekuwa amelala. Programu yake ilikuwa na akili kama yake. Ukiielekeza kwa jani kavu la mgomba, inasema ni kipepeo. Ukiielekeza kwa kipepeo, inasema ni jani. Ilielekezwa kwa kitambaa cha Magokoro, kile cha maua ya zambarau, ikatoa jina refu la Kilatini na kusema anapatikana Kongo.

"Kumbe mimi ni wa Kongo," Magokoro akasema, akaendelea kupepeta wimbi.

Lakini binamu alisema jambo moja la kweli, na liliniuma kwa sababu ni yeye aliyelisema. Aliangalia picha zetu za Mzee wa Kanisa, zote mabawa yamefungwa, akasema kwa sauti ya puani: "Hizi hazina maana. Hawa wa mikia wanafanana. Bila kuona bawa kwa juu, lote likiwa wazi, huwezi kujua jina lake la vitabuni." Akaenda zake Nairobi na wavu wake. Mimi nikabaki na kiu.

Shida ni kwamba Mzee wa Kanisa haji kwa maua. Maua ni ya kina Mama Mchungaji. Tulimpata mara ya kwanza nyuma ya zizi, juu ya mavi ya ng'ombe yaliyokuwa bado yanatoa mvuke, ametulia kama mgeni wa heshima. Magokoro alicheka hadi akashika ukuta. "Suti nzuri namna hii," alisema, "na chakula ni hicho." Mara ya pili tulimwona kwenye ghala, juu ya mkungu uliosahauliwa ukapasuka. Hapo tukajua. Anapenda vilivyooza, na vikichacha ndivyo anavyopenda zaidi.

Basi tukaanza kumwekea. Watu wengine, nimesoma, huweka chambo asubuhi na kupiga picha mchana wake. Sisi hatukuweza. Kubeba chungu siku ya Sabato ni kazi, na kuponda ndizi ni kazi. Kwa hiyo ilibidi kila kitu kiwe tayari Ijumaa kabla ya jua kuzama: ndizi mbivu katika chungu kilichovunjika mdomo, sukari nguru kidogo, jani la mgomba juu, chini ya mti wa omotembe kando ya kisima. Na kwa kuwa Magokoro hakupenda haraka za dakika za mwisho, aliziponda tangu Jumatano. Piga hesabu mwenyewe. Ikifika Jumamosi mchana, nzi waliopita pale hawakuruka kwa mstari ulionyooka. Dini ndiyo iliyochachusha zile ndizi.

Sasa ni lazima ujue Magokoro alikuwa nani, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Alikuwa shemasi. Na kati ya mashemasi wa kike, yeye ndiye aliyeandaa Meza ya Bwana. Aliukanda ule mkate usiotiwa chachu. Alichemsha zabibu kavu kupata divai isiyochacha, na siku ya kuichemsha alijifunika kichwa na hakusema na mtu. Hata paka alitoka nje. Kitambaa cheupe cha meza alikitunza kwenye sanduku la bati, akakipiga pasi ya makaa hadi kikawa kama karatasi. Hakuwahi kusoma zaidi ya kujua kuandika jina lake. Lakini siku ya Meza, mchungaji na suti yake yote alisimama kando na kungoja Magokoro afunue kile kitambaa. Hicho ndicho kiti alichokuwa nacho duniani. Vingine vyote vilikuwa vya kulima.

Na kisa hiki kilipotokea, Meza ya Bwana ilikuwa Sabato ya wiki iliyofuata.

Jirani (mtu, si kipepeo) alipita kisimani Ijumaa jioni kuchota maji. Pua yake ikafanya kazi yake. Mdomo wake ukafanya kazi yake pia, na kesho yake harufu ya chungu chetu ilifika kanisani kabla yetu. Niliiona kwenye migongo watu waliyotugeuzia. Baada ya kula, tukiwa tunajiandaa kuteremka bondeni, wakaja watatu: mzee wa kanisa mwenyewe, suti nyeusi, shati jeupe, Jirani, na shemasi mmoja mama mzee aliyeletwa, nadhani, ili waonekane wengi.

"Sabato njema."

"Sabato njema. Karibuni."

Walikaa kwenye benchi. Wakaongea Ekegusii: mvua, ng'ombe, goti la nani linauma. Nilikuwa nimeshamjua mzee huyu. Ekegusii kwake ni cha salamu. Akitaka kukuhukumu anahamia Kiswahili, kana kwamba dhambi ni jambo la serikali. Akakohoa. Akahamia.

"Mama Shemasi, sisi tumesikia harufu."

"Mmesikia au mmenusa?"

"Tumesikia," alisema, "kwamba hapa kwako kunapikwa kitu."

"Leo Sabato. Hapa hakupikwi hata chai."

"Kangara," Jirani akasema, akiangalia miti. Hiyo ni ile rojo iliyochachuka ya kupikia chang'aa, na kwa kanisa letu neno hilo ni kama kutupa nyoka katikati ya watu. "Iko huko chini. Kwa chungu. Mimi siongei ya watu, lakini iko."

"Iko," Magokoro akakubali. "Ni ya kipepeo."

Mzee akainamisha sikio.

"Ni ya nani?"

"Ya kipepeo."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mama, mimi nimehubiri vita na pombe tangu nikiwa kijana. Nimepata pombe ya harusi. Nimepata pombe ya kulima, pombe ya matanga, hata pombe ya dawa. Pombe ya kipepeo, hiyo sijapata."

"Basi twendeni uipate," akasema Magokoro, akachukua fimbo yake.

Tukateremka bondeni, sisi watano, kama msafara wa kuzika mtu mdogo. Chungu kilikuwa pale chini ya omotembe. Magokoro akafunua jani. Harufu ikatoka, ikatusalimia mmoja mmoja.

"Sasa kaeni," alisema. "Msiongee. Na msikimbie."

Wakakaa kwenye nyasi, mzee akiwa ametandika leso chini ya suti. Tukangoja. Wingu likaja likafunika jua, na jua likifunikwa kipepeo mkubwa haji, anajibandika mtini na kungoja kama sisi. Nilijua hivyo. Wao hawakujua. Wale wadogo wa kahawia wakaja wawili, wakanywa, wakalewa, wakaanguka ubavu. Jirani akaguna. Niliangalia wingu na kuliomba liondoke, ombi la kweli kuliko yote niliyoomba asubuhi ile kanisani. Magokoro alikuwa ameketi wima, mikono juu ya fimbo.

"Yuko wapi huyo mnywaji?" mzee akauliza.

Basi akachuchumaa mbele ya chungu. Akashika mdomo wa chungu kwa mkono wa kushoto, na ukanata sukari nguru. Kidole cha kulia akakichovya. Akalamba.

"Ni kuhakikisha," akasema.

Akachovya tena. "Imechacha kweli." Akachovya mara nyingine. Sijui mara hiyo alikuwa anahakikisha nini. Kidole kilikuwa bado mdomoni wakati jua lilipotoka.

Nikuambie kitu, na hapa sitanii. Alikuja kutoka juu ya omotembe kama jiwe lililotupwa. Akazunguka mara moja, akawatawanya wale walevi wadogo, akakiacha chungu chote kikubwa na kutua juu ya mkono wa kushoto wa mzee, kwenye ile sukari na jasho. Akateremsha mrija. Kisha, pole, pole, akafungua. Weusi wake haukuwa weusi wa suti. Ulikuwa kama udongo wa bondeni ukiwa umelowa, na katikati ule mstari mweupe umepita bawa hadi bawa, safi kama kile kitambaa cha meza kikishapigwa pasi. Pembeni palikuwa na nukta, na kwenye vimkia vumbi la buluu. Sikukimbia. Nilisogea vile nilivyofundishwa, nikabana pumzi, nikapiga.

Kacha!

Halafu furaha ikanishinda, nikapayuka: "Magokoro! Mzee wa Kanisa amemkalia mzee wa kanisa!"

Yule shemasi mama mzee akacheka. Alicheka kwa nguvu, akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakaendelea kucheka peke yake. Kipepeo akaruka. Mzee akachomoa kidole mdomoni.

"Nani Mzee wa Kanisa?"

"Huyo mwenye mikia," nikasema.

"Umepiga picha?"

Picha ilikuwa imetoka. Ile simu mbovu, iliyokuwa inaganda hata ukipiga picha ya jiwe, siku hiyo ilifanya kazi kama malaika. Bawa la juu lote wazi, kila nukta imeonekana, jina la vitabuni halikuwa tena na pa kujificha. Na nyuma ya bawa, uso wa mzee, macho yamelegea, kidole ndani hadi kwenye kifundo. Darasa la nne au si darasa la nne, nilielewa nilichokuwa nimeshika. Nikiwa na picha hiyo, hakuna mtu ambaye angegusa Meza ya Magokoro. Mzee pia alielewa. Alikuwa amesimama pale, mkono wa kushoto ameuinua kama umeungua.

Magokoro akaichukua simu. Akaiangalia muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali.

"Kumbe ndani ako hivi," alisema. "Ni mzuri." Kisha akanirudishia. "Futa."

"Magokoro! Bawa la juu—"

"Futa, tata," akasema, neno letu la "baba" la kumbembeleza mtoto. "Meza ya Bwana nikiilinda na picha ya mtu anayelamba kidole, nitaitandika na uso gani?" Akamwangalia mzee kuanzia viatu hadi miwani, taratibu, vile mtu hupima kama nguo inafaa kutupwa au kufanywa tambara. "Na hiyo simu ni ya nyimbo. Sitaki uchafu ndani."

Nikafuta mbele yao wote. Simu ile haikuwa na pipa la kuokotea, ukifuta umefuta.

Mzee akaufuta mkono kwa leso. "Mungu akubariki, mama," akasema, na aliisema kwa Ekegusii. Nikadhani yameisha. Ndiyo maana nasema nilikuwa mtoto.

Katikati ya wiki ujumbe ukaja. Kamati imekaa. Kwa ajili ya dhamiri za ndugu walio dhaifu, Meza itaandaliwa na mtu mwingine kwa muda. Ujumbe ulikuwa kwa Kiswahili. Huo muda, rafiki yangu, haujaisha hadi leo.

Sabato hiyo divai ilichemshwa na Jirani. Aliiunguza. Kanisa zima lilikunja uso kwa pamoja, kama watu walioambiwa waimbe noti moja, na hakuna aliyethubutu kutema. Magokoro alikaa nyuma, pamoja na wasio na kazi. Akanywa kikombe chake kidogo na kusema "Amina" kwa nguvu kuliko wote. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Imeungua. Lakini haijachacha." Hakuwahi kusema neno lingine juu ya jambo hilo. Hakumlaani mtu. Kazi hiyo nimemfanyia mimi, na sijachoka. Mzee yule bado yuko, suti ileile, anahubiri vita na pombe. Akinisalimia langoni, "Shule inaendeleaje?", mimi huangalia kidole.

Sasa ukiteremka kule bondeni usitafute kitu. Baba mdogo alipanda mikaratusi ili auze nguzo. Mikaratusi ikanywa kisima hadi matope, na Watoto wa Kwaya wakatawanyika. Omotembe ulikuwa unatia mikaratusi kivuli, akaukata. Jirani aliung'oa ua wake wa lantana akaweka waya, kwa hiyo hata Mama Mchungaji hana pa kupitia. Simu ilivimba betri kama andazi, ikafa na picha zote na nusu ya ubeti wa pili. Binamu yangu amekuwa mtaalamu. Anaenda misitu ya kulipia na kamera ndefu kama bomba, anaweka picha mtandaoni, na chini ya kila picha jina la Kilatini. Aliwahi kuniuliza yule wetu wa mikia aliitwaje hasa. Nilipomwambia akacheka: "Hapana, jina lake la kweli."

Nimetafuta, usidhani sijatafuta. Kwenye kompyuta ya shule niliwaona watano wanaofanana naye. Wana majina ya watawala wa kale na ya Wazungu waliokwisha kufa. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina kwa kuangaliwa anakula nini. Yule wa kweli ni mmoja kati yao, na picha ambayo ingesema ni yupi iko mahali patatu tu siku hizi: kichwani mwangu, kichwani mwa Magokoro, na kichwani mwa mzee wa kanisa, ambapo naomba Mungu isitoke.

Jioni ile niliyotoka Birongo nilimkuta Magokoro kwenye kibaraza, anachambua chinsaga kwa vidole. Macho yake yameingia ukungu. Anatenganisha jani na kijiti kwa kugusa. Ananitambua kwa hatua.

"Magokoro, nimemwona Mzee wa Kanisa huko Birongo."

"Yupi?"

"Mwenye mikia."

"Alikuwa anakula nini?"

"Ndizi zilizooza."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa. Jani likaanguka kwenye ungo, kijiti kikaanguka chini.

"Ulikimbia?"

Haikuwa Sabato. Ilikuwa siku ya soko, ningeweza kukimbia nitakavyo na Mungu asiandike.

"Sikukimbia."

"Vizuri." Akasogea kidogo kwenye benchi, akanipa nafasi. "Sasa niambie amekaaje. Polepole."

Nikaweka sanduku chini, nikaanza na vile vimkia.